Video za Ufundi: Darasa au Jukwaa?

Kazi za mikono zinazotazamwa kwenye simu ni nyingi kuliko zinazofanywa mtaani. Mjini Tampere, Finland, mwenye karakana aitwaye Lauri Vuohensilta alianza mwaka 2015 kuponda vitu vya kila namna kwa presi ya haidroliki, na mamilioni ya watu wakakaa kutazama (mtu anaweza kuuliza kama kuponda ni ufundi, lakini tuendelee). Mwaka huohuo John Plant wa kaskazini mwa Queensland, Australia, alionekana msituni amevaa bukta tu, akijenga kibanda cha fito na udongo bila kifaa chochote cha kiwandani. Leo ana wafuasi zaidi ya milioni 10. Karibu na wakati huohuo Li Ziqi wa mkoa wa Sichuan, China, akaanza kuonyesha mapishi na kazi za mikono za kijijini kwao. Hapo hatujawataja wanaochukua jiliwa lililoliwa na kutu wakalirudisha likang'aa, wachonga sabuni, wapamba keki, wasusi wa Dar es Salaam na Nairobi, wapaka hina wa Mombasa na Muscat. Mbele ya utajiri huo ni rahisi kusema kwamba ufundi haujawahi kuwa na bahati kama ya leo. Mimi nasema wingi huo ni wa vitu zaidi kuliko wa maarifa. Video hizi zimechujwa na jicho la mtu asiyeijua kazi anayoitazama, na kwa hiyo, hata zikitofautiana vipi kwa mada, zimefanana kwa umbo. Ni jukwaa kwanza. Darasa huwa mara mojamoja, kwa masharti nitakayoyaeleza. Wapo wanne watakaonipinga, na kila mmoja apewe nafasi yake.

Kabla ya kuwaita, nieleze umbo hilo limetoka wapi. Mwaka 2012 YouTube ilibadilisha kipimo chake: badala ya kutanguliza video zinazobofywa sana, ikatanguliza zinazomshikilia mtazamaji kwa muda mrefu. Mwaka 2020 ikaruhusu matangazo ya katikati kwenye video zinazofikia dakika 8, badala ya 10 za awali. Kisha video fupi za kusimama wima zikatawala, na hukumu ya mtazamaji ikashuka hadi sekunde chache za mwanzo. Fundi anayetaka kuonekana hujipanga kufuatana na vipimo hivyo. Ataanza na kitu kibovu, amalize na kitu kizuri, na katikati akate kila kipande kisichosogea: gundi inayokauka, udongo unaochachuka, kitambaa kinachofumuliwa kwa sababu kola imekaa upande. Tena atanyamaza. Ukimya una faida kubwa ya kibiashara, kwani video isiyo na maneno haihitaji mkalimani na hutazamwa Jakarta kama inavyotazamwa Lima. Lakini katika kazi ya mikono maneno ndiyo hubeba sababu, yaani kwa nini mti huu na si ule, kwa nini moto upunguzwe sasa. John Plant mwenyewe anaijua kasoro hiyo, ndiyo maana huweka maelezo ya hatua zake kwenye maandishi ambayo mtazamaji anaweza kuyawasha chini ya picha. Waliomwiga, hasa Kusini-Mashariki mwa Asia, walichukua ukimya na bukta, wakaacha maelezo. Baadhi yao walifikia kuchimba mabwawa ya kuogelea kwa "mikono mitupu" huku mashine za kuchimbia zikiwa zimefichwa nje ya picha, na mashimo yakaachwa wazi baada ya kamera kuondoka. Mtazamaji asiyewahi kushika jembe hana namna ya kugundua kwamba mtu mmoja na kijiti hawezi kuhamisha udongo mwingi kiasi kile.

Huku kwetu pwani, mfano ulio wazi zaidi ni hina na ukili. Mpaka hina akirekodiwa, mkono mtupu huchanua maua kwa muda usiozidi dakika moja, na mtazamaji huona mwanzo, kati na mwisho. Msusi wa mkeka hana bahati hiyo. Miaa lazima ivunwe, ichanwe, ikaushwe, itiwe rangi. Kisha husukwa ukili mrefu, pima baada ya pima, ambao kwa siku nyingi unabaki kuwa utepe tu, na mkeka hauonekani mpaka ukili ushonwe ubavu kwa ubavu. Kazi hii haina dakika moja ya kung'aa. Na hata hiyo hina inayoshinda, tazama kinachoonyeshwa: rojo bichi lililosimama juu ya ngozi, jeusi na lenye mistari iliyokatika vizuri. Hiyo siyo hina ambayo mwenye mkono atakwenda nayo arusini. Sifa ya mpakaji hupimwa kwa rangi inayobaki baada ya rojo kubanduliwa, na rangi hiyo hukolea kwa siku moja au mbili, wakati video imekwisha kupata wapenzi wake wote. Hatari zaidi ni piko, ile rangi nyeusi ya nywele inayopakwa ngozini. Ina kemikali iitwayo PPD, ambayo huwatoa baadhi ya watu malengelenge na kuwaachia makovu. Madhara hayo huja saa kadhaa au siku kadhaa baadaye. Kwenye video, piko hushinda hina kila mara: ni nyeusi mara moja, inakauka mara moja, inapigwa picha mara moja. Jicho lisilojua limepewa kura, na limemchagua mwenye madhara.

Wa kwanza kunipinga ni mshonaji kijana. "Kaka mwandishi," atasema, "hayo ni maneno ya mtu aliyekaa. Mimi gauni la kukata solo nimejifunza kwenye simu. Zipu ya kuficha nimejifunza kwenye simu. Fundi aliyenipokea alikuwa hanionyeshi anavyokata. Ananipa pindo na vifungo mwaka mzima. Bila video ningekuwa bado napiga pasi." Namwamini, na ushahidi wake ni mzito. Lakini auangalie vizuri. Alipokuwa akitazama, cherehani ilikuwa mbele yake na kitambaa kipajani. Alisimamisha video, akakata, akakosea, akairudisha nyuma. Huyo hakuwa mtazamaji tena. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Michael Kardas na Ed O'Brien, walichapisha majaribio yanayoonyesha tofauti hii. Waliwapa watu video za mambo kama kuvuta kitambaa cha meza vyombo vikabaki vimesimama, kurusha vishale na kucheza hatua ya kurudi nyuma ya Michael Jackson. Baadhi walitazama mara moja, wengine mara 20. Waliotazama mara 20 walijiamini zaidi kwamba wataweza, lakini walipojaribu hawakuwa bora kuliko wale wa mara moja. La kuvutia zaidi lilikuwa jaribio la kurusha na kudaka virungu: waliotazama kisha wakapewa virungu wavishike tu kwa muda mfupi, hata bila kuvirusha, walipunguza majivuno yao. Uzito ulipofika kiganjani, ndipo walipojua kwamba hawajui. Kwa hiyo mshonaji wetu hakufundishwa na video peke yake. Alifundishwa na kitambaa alichokiharibu, na video ikamwambia kwa nini kimeharibika. Wengi wa wale mamilioni hawana kitambaa, na kwao kila video mpya huongeza kujiamini bila kuongeza kitu kingine.

Aliyeketi karibu naye ni seremala mkongwe, na yeye anapinga kutoka upande wa pili. Kwake mimi nimekuwa mpole mno. "Mwanangu," anasema, "jahazi la Nungwi au la Lamu halijengwi kwa mchoro wa karatasi. Mchoro uko kwenye jicho la fundi na kwenye mkono wake, na mkono hauhamishiki kwa simu. Kijana alikuwa anakaa na fundi, anaokota maranda, anashika ubao upande wa pili, miaka inapita, siku moja anajikuta anajua. Hizo video zenu zimewafanya vijana wadhani miaka ile ilikuwa kupoteza muda." Mzee wangu, sehemu kubwa ya maneno yako sina la kuyajibu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 alikuwa amekwisha kufa kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa. Muda wake wa kufanya kazi ulikuwa mfupi mno. Lakini kwa kuwa vijana, wengi wao ndugu na jamaa, walikaa ubavuni mwake wakaona anavyotandaza rangi ya mafuta kwenye ubao mgumu, mtindo wake umeishi zaidi ya nusu karne. Hakuna video iliyofanya hivyo bado.

Ila mzee asinifiche upande mwingine wa karakana yake. Ukaribu ule ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Mtoto wa nduguye fundi aliingia bure, wa mbali alilipa, na msichana kwenye uwanja wa majahazi hakuulizwa hata kama anataka. Fundi aliyeogopa kunyang'anywa wateja alificha kipimo cha mwisho mpaka akaenda nacho kaburini. Wala si kweli kwamba jicho la mpita njia limekuja na simu. Hao hao wachoraji wa Tingatinga wamelazimika kwa miaka mingi kurudia tembo, twiga na Mlima Kilimanjaro, kwa sababu mtalii mwenye dakika tano ndivyo anavyonunua. Soko la mtandaoni limeongeza kasi na ukubwa wa shinikizo ambalo mafundi walikuwa nalo tayari. Tena yapo mambo ambayo karakana moja haikuweza kuyafanya. Mwaustralia Chris Budiselic, mwenye video za Clickspring, aliamua kuunda upya mbele ya kamera kile chombo cha kale cha Kigiriki cha kuhesabia mwenendo wa anga kilichopatikana kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera na kuopolewa mwaka 1901. Kwa kulazimika kukata kila gurudumu na kila tundu yeye mwenyewe, alikutana na maswali ambayo mtu wa maktaba hakutani nayo. Pete moja ya chombo hicho, ambayo imebaki kipande tu, ilidhaniwa kuwa na matundu 365 ya siku za mwaka. Yeye na wenzake walipima umbali kati ya matundu yaliyobaki, na mwaka 2020 wakachapisha hoja kwamba yalikuwa 354, yaani kalenda ya mwezi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipiga hesabu upya kwa mbinu zao na kupata 354 au 355. Hapo video ilizaa elimu mpya. Sababu yake si uzuri wa picha, ingawa picha zake ni nzuri kupindukia. Ni kwamba mtu aliionyesha kazi kwa vipimo vyake, kwa miaka, bila kuogopa kumchosha anayetaka mwisho tu.

Wa tatu hana hasira hata kidogo. Ni mtazamaji wa kawaida, amerudi kazini, amechoka. "Ndugu yangu, nani amekwambia nataka kujifunza? Mimi nataka kuona mbao ikilainika. Nikimaliza nalala." Huyu nampa haki yake yote. Bob Ross alichora kwenye televisheni ya umma ya Marekani kuanzia 1983 hadi 1994, vipindi 403, na umati mkubwa wa waliompenda hawakununua brashi hata moja. Mwaka 2015 vipindi hivyo vilipoonyeshwa mfululizo mtandaoni kwenye Twitch, vilipata watazamaji zaidi ya milioni 5, wengi wao vijana ambao vipindi vya mwisho viliporushwa walikuwa watoto wachanga au hawajazaliwa. Kutazama mkono wa mtu mwingine ukifanya kazi kwa utulivu ni raha ya kale. Watu husimama kumtazama muhunzi bila nia ya kuwa wahunzi. Sina ugomvi na raha hiyo. Ugomvi wangu ni na jukwaa linalovaa nguo za darasa, kwa sababu baadhi ya watazamaji huamini nguo na kwenda kujaribu. Kuna mtindo wa kuchoma mbao kwa umeme ili kuchora michirizi kama ya radi. Kwenye video ni mazingaombwe matupu: maji kidogo, nyaya mbili, na mti unaota mishipa. Umeme unaotumika mara nyingi hutoka kwenye transfoma iliyong'olewa kwenye maikrowevu, wenye volti za maelfu, na mguso mmoja unatosha kuua. Chama cha wakereza mbao wa Marekani, American Association of Woodturners, kimepiga marufuku mtindo huo kwenye shughuli zake, na orodha ya vifo vinavyojulikana imepita watu 30. Mwaka 2022 Ann Reardon, mpishi wa Australia anayechunguza video za uongo, alitoa video ya kuonya juu yake. YouTube ikaiondoa video ya onyo, na kuirudisha baada ya malalamiko, wakati video za kuufundisha mtindo huo zilikuwa zikiendelea kutazamwa. Huko Zaozhuang, China, mwaka 2019 wasichana wawili waliwasha spiriti kwenye kopo wakijaribu kupika. Ililipuka, na mmoja wao, mwenye miaka 14, akafariki. Familia zilisema waliiga video ya mtu mashuhuri. Mwenye video alikana kwamba walimwiga yeye, lakini alitoa fedha kwa familia hizo. Mtazamaji aliyechoka atalala salama. Mtoto wake je?

Wa nne ni mtengenezaji mwenyewe, na hoja yake ndiyo ngumu kuliko zote. "Mwalimu, nikirekodi gundi ikikauka, nani atatazama? Na asipotazama mtu, nitakula nini?" Hapa lazima tutenganishe watu wawili wanaozungumza kwa mdomo mmoja. Wa kwanza ni kampuni. 5-Minute Crafts, yenye wafuasi zaidi ya milioni 80 YouTube, ni mali ya TheSoul Publishing ya Kupro, kiwanda chenye studio na wafanyakazi wa kutengeneza "maujanja" kwa wingi, na mengi yakijaribiwa jikoni hayafanyi kazi. Huyo asitulilie njaa. Wa pili ni fundi wa Kariakoo au Gikomba, na kwake video si chanzo cha fedha za matangazo. Ni ubao wa duka: mteja aone sofa kabla na baada, apige simu. Kumwambia huyu afundishe kila hatua ni kumwambia ampe jirani funguo za karakana, na nakubali hana deni hilo kwetu. Kwa hiyo video yake tuiite tangazo, tuipende kama tangazo, tusiihesabu kwenye elimu. Lakini madai kwamba watu hawavumilii kazi ndefu si ya kweli. Martin Molin wa Uswidi alivuma mwaka 2016 kwa mashine ya muziki inayoendeshwa na gololi 2,000. Kisha kwa miaka kadhaa akaonyesha ujenzi wa mashine ya pili, na matatizo yake yote, mpaka akaiacha na kuanza nyingine, na watu wengi wakabaki kumfuata. Kufeli kulikoelezwa vizuri kuna watazamaji wake. Hawatafikia idadi ya wapenda presi, lakini ndio wanaokwenda kushika tupa.

Basi darasa la kweli linatoka wapi? Kwa Kiswahili tayari tuna mfano mmoja wenye umbo sahihi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya Tanzania, VETA, ilizindua pamoja na Airtel programu ya simu iitwayo VSOMO: mwanafunzi anasoma nadharia kwenye simu, kisha anakwenda karakana ya chuo kufanya vitendo. Aliyeubuni mpango huo alijua mapema kile majaribio ya Chicago yalichokuja kukionyesha baadaye, kwamba simu inaweza kutangulia mkono lakini haiwezi kushika mahali pake. Kinachokosekana ni uzito wa nyenzo za kutazama. Vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki vina walimu, vina jiliwa na cherehani, vina mafundi wastaafu wanaoeleza kwa Kiswahili kwa nini mninga haupigwi msumari ovyo. Watu hao warekodiwe kwa urefu wao, maneno yao yote, na mbao zinazopasuka zisikatwe. Tusisubiri video hizo zivume. Zikitazamwa na watu mia tano wenye patasi mkononi, zimefanya zaidi ya zile za milioni tano.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na kazi unayoipenda, uwe mpishi au mshonaji au mtu wa mbao, usiongeze video nyingine kwenye orodha kabla hujajaribu ile ya jana. Ukijaribu ikakukatalia, rudi kwa aliyeionyesha, umuulize kipimo, muda na mahali alipokata picha. Akikujibu, mfuate. Akikaa kimya, mhesabu kuwa ni mtumbuizaji, utafute fundi.